Chupa Sita za Sekunde

Jumanne ya pili ya Novemba, saa kumi na moja jioni, Kulpash alikung'uta kofia ya sufu ya mwanawe juu ya meza ya jikoni, vikadondoka vipande thelathini na kimoja vya sekunde, vile ambavyo vikifika mia moja hufanya sekunde nzima. Vilikuwa vyeupe, vizito kidogo kuliko chumvi, na havikuyeyuka. Kulpash alikuwa amepima unga katika kiwanda cha mkate kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo hakuona taabu. Alivikusanya kwa ukingo wa kiganja, akaonja kimoja, akakikuta hakina ladha, kisha akavimimina kwenye chupa ya jamu ya matufaha iliyokuwa imeoshwa mchana huo. Akabandika karatasi yenye tarehe, maana hakuwahi kuweka kitu kabatini bila tarehe.

"Umevitoa wapi?" alimuuliza mwanawe.

"Uwanjani," alijibu Yeldos, andazi likiwa bado mdomoni. "Sagat-aga kaniambia niinue mgongo."

"Ukauinua?"

"Nikauinua."

"Basi kunywa chai, itapoa."

Yeldos alikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa mbio fupi za kuteleza kwenye barafu, mita mia tano. Mbio hizo hukimbiwa wawili wawili, ingawa adui wa kweli ni saa. Mmoja huanza njia ya ndani akiwa na kitambaa cheupe mkononi, mwingine njia ya nje akiwa na chekundu, na upande wa mbali wa uwanja hubadilishana njia. Pale wanapobadilishana, aliye nyuma kidogo hunyonya upepo wa mwenzake na kuvutwa bure. Mgongo huinamishwa mpaka uwe bapa, na hubaki hivyo hadi mstarini. Anayeuinua mapema hupigwa na upepo kifuani, na hapo ndipo mbio zake huishia.

Sagat-aga, kocha ambaye timu nzima ilimwita hivyo kwa heshima ya kaka mkubwa, alikuwa amempanga Yeldos na Arlan. Maagizo yalikuwa mafupi. Yeldos aanze ndani, amvute Arlan upande wa mbali, na akitoka kwenye kona ya mwisho ainue mgongo. Yeldos alifanya hivyo, akafika nyuma ya Arlan kwa urefu wa kisu cha chini ya kiatu. Vile vipande alivyokuwa navyo na asivyovitumia ilibidi viende mahali, navyo vikamfuata nyumbani ndani ya kofia.

Hapakuwa na chuki katika jambo hilo, na mtu asije akadhani kulikuwa na ubaya wa moyo. Ni kwamba uso wa Arlan ulikuwa umeshachapwa. Kampuni moja ya mtindi ilikuwa imeuweka kwenye bango la ghorofa tisa, mkabala na kituo cha reli, akiwa ameshika kikombe cha mtindi na kucheka kwa meno yote. Bango la ghorofa tisa halichapwi upya kwa sababu kijana mwingine ana mapaja mazuri zaidi.

Miaka ikaenda. Kila baada ya mashindano Kulpash alikung'uta kofia, na kila baada ya miaka miwili aliosha chupa nyingine. Jiko likabadilika kidogo. Chai ilikaa moto hata mtu akiisahau. Maziwa yalipoanza kupanda kwenye sufuria, Kulpash aliweza kwenda chumbani, kutafuta miwani, kugombana na paka, kurudi, na kuyakuta bado hayajamwagika. Watoto wa jirani walikuja kusoma pale siku ya kuamkia mtihani, na wote walifaulu hesabu.

Jirani mwenyewe, mjane mmoja aliyeitwa Zhamal, alizikagua chupa akatikisa kichwa.

"Marehemu mama mkwe wangu alikuwa nazo," alisema. "Za foleni ya mkate, enzi zile. Ndoo nzima! Zikachacha."

"Za foleni hazikai," alisema Kulpash. "Za foleni zimepotea tu, hazina mwenyewe. Hizi mtu kazizuia huku anazitaka."

"Sasa utazifanyia nini?"

"Ni za mwanangu. Atajua mwenyewe."

Lakini Yeldos hakujua. Alikuwa na miaka thelathini na moja sasa, goti la kushoto lilikuwa likilia asubuhi, na katika maisha yake yote ya barafu hakuwahi kuwa na muda wake mwenyewe. Kila mkimbiaji ana muda wake bora kabisa, ulioandikwa mbele ya jina lake, na hutajwa nao kama watu wanavyotajwa kwa jina la baba. Wa Yeldos ulikuwa muda wa mtu aliyeinua mgongo. Mashabiki walimwita msindikizaji. Hakuna aliyejua anaweza kwenda kasi gani, naye mwenyewe hakujua, na hilo ndilo lililokuwa likimla. Nishani hakuitaka sana. Alitaka mara moja tu, kabla goti halijamrudisha kijijini kufundisha mazoezi ya viungo, afike mstarini akiwa mzima, na ubao useme ni kiasi gani.

Majira hayo ya baridi Michezo ya Bara ilikuwa ikifanyika mjini mwao, chini ya milima, katika uwanja wa Tasbulak. Mji ulipakwa rangi upande unaoonekana kutoka barabarani. Uso wa Arlan uliongezwa hadi kwenye mabasi, kwenye vikombe vya karatasi, na kwenye vifuniko vya mashimo ya maji taka, ambapo magari yaliukanyaga mchana kutwa naye akaendelea kucheka.

Kura ya kupanga jozi ilipigwa kwa haki, kwa maana ya kwamba watu watatu waliitazama ikipigwa. Arlan akatoka jozi ya mwisho, njia ya nje. Yeldos akatoka jozi ya mwisho, njia ya ndani. Sagat-aga alimfuata kwenye chumba cha kunolea visu, ambako Yeldos alikuwa amefunga viatu vyake kwenye fremu na anasugua jiwe juu ya makali, taratibu, akihesabu.

"Unajua nitakachosema," alisema Sagat-aga.

"Najua, aga."

"Najua kwamba unajua. Nasema kwa heshima tu, ili isionekane nimekuzoea."

"Ahsante, aga."

"Ukitoka kona ya mwisho."

"Ndiyo."

Sagat-aga alijaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika baba yake Yeldos kwa mikono yake, na nyumba ambayo Kulpash aliishi ilipatikana kwa sahihi yake. "Wewe ndiye nguzo ya timu hii," alisema. "Watu hawaoni nguzo. Wanaona paa."

Arlan naye alipita, akanusa hewa ya mafuta ya visu, akampiga Yeldos begani. "Kaka, kesho nivute vizuri, eh? Usinikimbie kabisa, moyo wangu mdogo."

"Nikikukimbia utashtaki kwa mtindi wako."

"Nitamletea mama yako katoni nzima ili akutandike." Arlan alicheka kwa meno yote. Alikuwa mtu wa kupendeka, na kila mwaka mpya alimpelekea Kulpash chokoleti. Hakuwahi kusema uongo kuhusu ile habari ya mgongo. Aliichukulia kama mtu anavyochukulia urefu wake.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Yeldos alimwambia mama yake kwamba hatauinua mgongo.

"Mgongo wako unajua hilo?" aliuliza Kulpash.

"Ni mgongo wangu, mama."

"Hebu nenda kaniletee chumvi."

Yeldos alitoka sebuleni kwenda jikoni. Ili kufika jikoni katika nyumba ile ni lazima kukata kushoto kwenye kabati la viatu. Alipokata kushoto na kuingia kwenye korido iliyonyooka, mgongo wake ukainuka wenyewe, kidevu kikapanda, mikono ikalegea ubavuni, na mwendo wake ukapungua nusu. Alifika jikoni hivyo hivyo, akasimama na kikopo cha chumvi mkononi. Ilikuwa hivyo pia sokoni, ilikuwa hivyo ngazini, na mara mbili alikuwa ameikosa lifti iliyokuwa wazi mbele yake kwa sababu ilikuwa upande wa kushoto. Miaka kumi na miwili ya kona za kushoto ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo, na huko haikuomba ruhusa ya mtu.

Alirudi akaketi. Hakulia, lakini uso wake ulikuwa mbaya kuutazama.

"Sasa nisikilize, mwanafarasi wangu," alisema Kulpash, akimwita kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Acha uinuke. Wewe una akiba. Chukua chupa zote sita, uingie nazo. Vipande utakavyopoteza mwishoni, utakuwa umeshalipwa."

"Itakuwa wizi."

"Wizi wa nini? Nilizikung'uta kwenye kofia yako, si kwenye kofia ya jirani."

Mlangoni pa uwanja, siku ya pili, saa nne asubuhi, mlinzi alifungua begi la Kulpash na kuinua chupa moja kwenye mwanga.

"Hii nini, apa?" aliuliza, kwa neno ambalo kwao huitwa nalo mama mtu mzima.

"Sekunde."

"Za nani?"

"Za mwanangu. Anakimbia leo."

Mlinzi aliisoma ile karatasi ya tarehe, akaitikisa chupa karibu na sikio. "Kioo hakiruhusiwi," alisema. "Zimimine kwenye mfuko wa nailoni, upite."

Wakimbiaji wengi huvaa viatu vyao bila soksi, ili mguu ulisikie barafu, na Yeldos alikuwa mmoja wao. Kwenye benchi la katikati ya uwanja alimimina nusu ya mfuko aliopewa na mama yake kwenye kiatu cha kulia na nusu kwenye cha kushoto. Zilikuwa baridi, na zilijipanga chini ya unyayo bila kubana.

Jozi ya kabla yao ilikuwa imemaliza na wafagiaji walikuwa wakitoa unga wa barafu kwenye kona. Arlan alikuwa akirukaruka ili apate joto. Yeldos alikuwa amekaa, amevua mkono mmoja wa koti na mwingine bado, pale mtu mwenye kitambaa cheupe alipotoka kwenye kona ya mwisho, peke yake, mgongo ukiwa bapa kama meza ya kukandia unga, akapita mstari wa mwisho na kujiachia kuelekea ukingoni. Alikuwa Yeldos. Yule wa kwenye benchi alimtazama, na yule wa kwenye barafu akamtazama, wakaitikiana kwa kichwa kama watu wanaopanda basi moja kila asubuhi. Kisha yule wa benchi akamalizia kuvua koti, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.

Alikwenda kwenye mstari wa kuanzia. Akainama. Bastola ikalia, na njia ya ndani ilikuwa tupu. Arlan alikimbia mita mia tano zake akiwa peke yake, bila wa kumvuta, na upande wa mbali alionekana akigeuza shingo kutafuta upepo wa mtu.

Mashine ya saa ilifanya kazi yake. Ilikuwa imeona mguu wa mtu ukigusa mstari wa mwisho, ikasubiri bastola, ikatoa kimoja katika kingine na kupeleka jibu ubaoni. Yeldos alikuwa amefika sekunde sitini na saba na vipande sitini na sita kabla ya mbio kuanza. Tatizo ni kwamba ubao ulinunuliwa bila alama ya kutoa, kwa sababu hakuna aliyefikiri itahitajika. Ukaonyesha jina la Yeldos, bendera, na mbele yake 67.66.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Muda wa polepole kama huo haukuwahi kuonekana katika mbio za wanaume tangu barafu ile imwagwe.

"Sitini na saba!" alipiga kelele mwanamume mmoja mwenye kofia ya mbweha, nyuma ya Kulpash. "Msindikizaji leo kaja kwa miguu! Kapitia sokoni!"

"Amefika wewe ukiwa bado unatafuta kiti," alisema Kulpash bila kugeuka.

"Apa, huyo ni ndugu yako?"

"Huyo ni mwanangu. Na wewe funga mdomo, baridi inaingia."

Mwamuzi mkuu alikuwa Bwana Kuribayashi kutoka Hokkaido, mtu mwenye adabu aliyebeba kitabu cha kanuni kwenye mfuko wa ndani wa koti. Alikisoma kwa dakika kumi na moja akiwa amesimama. Kanuni zilikataza kuuvuka mstari wa kuanzia kabla ya bastola. Kuhusu kuuvuka mstari wa kumalizia kabla ya bastola hazikusema kitu. Msaidizi wake mmoja alidai kwamba kwa hiyo jambo hilo halikatazwi. Mwingine alidai kwamba mtu hawezi kumaliza asichoanza, kwa hiyo ni lazima aliuvuka wa kuanzia pia, tena mapema sana. Wa tatu aliuliza kama ile alama ya kutoa haiwezi kuchorwa kwa kalamu. Bwana Kuribayashi alimwita Yeldos.

"Ulisikia bastola?" aliuliza kupitia kwa mkalimani.

"Nilisikia."

"Ukaondoka baada ya kuisikia?"

"Baada yake."

"Nakuamini," alisema Bwana Kuribayashi, akainama kidogo kwa heshima, kisha akaandika kwamba ni kuanza kabla ya wakati, kwa sekunde sitini na saba na vipande sitini na sita. Mbio za jozi nzima zikafutwa. Zingerudiwa baada ya nusu saa.

Hapa ndipo moyo wa Yeldos ulipovunjika, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Viatu vilikuwa vitupu. Ubao ulizimwa na kuwashwa upya, na ile 67.66 ambayo angalau ilikuwa yake, hata kama ilichekwa, ikafutika. Alikaa kwenye benchi na miguu mitupu juu ya zulia la mpira, na kitu pekee kilichobaki ni kile alichokuwa amekiazimia tangu mwanzo, kutouinua mgongo kwa nguvu zake mwenyewe.

Alijaribu. Watu waliokuwa karibu na kona ya mwisho walisema baadaye kwamba walimwona akiuma meno, na kwamba mkono wake wa kulia ulishika nyuma ya paja kana kwamba anajifunga chini kwa kamba. Alianza vizuri, akamvuta Arlan upande wa mbali, wakabadilishana njia, akaingia kwenye kona akiwa mbele. Akatoka. Mgongo ukainuka. Uliinuka taratibu, kwa heshima, kama mgeni anayeona wenye nyumba wamechoka. Arlan akapita.

Thelathini na nne nukta ishirini na mbili kwa Arlan, nishani ya dhahabu. Thelathini na nne nukta ishirini na tisa kwa Yeldos, nafasi ya nne. Mwanamume wa kofia ya mbweha alipiga makofi na kusema kwamba msindikizaji leo amesindikiza vizuri mno. Arlan alimkumbatia Yeldos mbele ya kamera, akamnong'oneza, "Kaka, ile ya kwanza uliniacha peke yangu na baridi. Usirudie tena," naye alisema kwa upendo kabisa.

Saa nane mchana shirikisho la mchezo huo lilikutana katika chumba cha nyuma ya jukwaa, kukiwa na sahani ya soseji za nyama ya farasi na chai. Hakuna aliyetilia shaka kilichotokea. Mjumbe mmoja alisema vipande vile vilizuiwa kwa maagizo halali ya kocha, katika mazoezi na mashindano ya timu, kwa hiyo ni mali ya timu, na mzazi hakuwa na haki ya kuviweka na jamu. Wote wakaafiki. Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, likiwa na muhuri: kuanzia siku hiyo kila mkimbiaji akung'ute kofia yake stoo kabla ya kuondoka uwanjani, na kitakachopatikana kitatolewa kwa wenye kipaumbele. Chini yake mtu alikuwa ameshaandika kwa kalamu, "Na soksi?"

Yeldos alilisoma tangazo hilo, akaingia, akakaa. Chumba kilikuwa kitupu. Wenzake walikuwa nje wakimrusha Arlan hewani. Sagat-aga akaingia, akafunga mlango, akaketi kwenye benchi la mbele yake magoti kwa magoti. Uso wake ulikuwa mwekundu na macho yake yalikuwa na maji.

"Suyunshi," alisema.

Kwao mwenye habari njema hasemi habari kwanza. Hutamka neno hilo, na neno hilo ni kudai zawadi, na anayeletewa habari hukubali kutoa kabla hajajua anaambiwa nini. Baba yake Kulpash aliwahi kutoa farasi wa mbio kwa kuambiwa kwamba amepata binti. Kuna waliotoa koti wakarudi nyumbani wanatetemeka na kucheka. Hakuna anayekumbuka mtu aliyekataa, na Yeldos hakuwa mtu wa kuanzisha mambo.

"Chukua, aga," alisema. "Chochote unachotaka."

"Ile ya kwanza," alisema Sagat-aga, "nilikutazama ukija. Mgongo wako ulikuwa bapa. Ulitoka kwenye kona kabla haujapata habari."

"Sikuhisi chochote. Nilisikia bastola, kisha nikajiona navua koti."

"Sasa sikiliza. Kila ulipouinua mgongo nilikuwa na saa mkononi. Kila mara, kwa miaka kumi na miwili. Ningewezaje kujua nina nini kama sipimi? Jumla yake iko hapa." Aligusa paji la uso. "Sekunde mia moja na moja, na vipande hamsini na saba. Ndizo ulizoingia nazo kwenye viatu. Ukafika sitini na saba na sitini na sita kabla ya bastola. Toa hizo katika zile. Kinachobaki ni kile ulichokitumia kwa miguu yako, tangu mstari mpaka mstari."

Yeldos hakuweza kutoa hesabu hiyo.

"Thelathini na tatu nukta tisini na moja," alisema Sagat-aga. "Huo ndio muda wako. Nimefundisha miaka arobaini. Sijawahi kuuona kwa mtu wa kwetu, na leo hakuna mgeni aliyeusogelea."

Yeldos alifunika uso kwa taulo akalia, na kilikuwa kilio cha furaha tupu, cha mtu aliyeambiwa jina lake akiwa na miaka thelathini na moja. Aliurudia muda ule ndani ya taulo mara tatu. Sagat-aga alimngoja, akimpapasa goti lile bovu, naye pia akapangusa pua kwa mkono wa koti. Kilio kilipopungua akakohoa.

"Kuhusu zawadi yangu," alisema.

"Sema, aga."

"Kesho kuna mita elfu moja. Wewe na Arlan tena. Sasa tumejua kwamba una kasi kuliko tulivyodhani, na mimi leo nusura nife kwa wasiwasi. Vipande saba tu! Kwa hiyo usingoje kutoka kwenye kona. Uinue ukiwa unaingia."

Yeldos aliishusha taulo. Nje walikuwa bado wanamrusha Arlan na kuhesabu kwa sauti. Alikuwa ameshatoa, na kilichotolewa hakirudishwi.

"Sawa, aga," alisema. "Lakini nitajie tena. Mara moja tu."

Sagat-aga aliutazama mlango, akamsogelea, akautaja muda ule sikioni, kwa sauti ya chini, ili wa koridoni wasisikie.